Mwaka Nilipokuwa Wakili wa Bomu

Mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mimi nilikuwa wakili wa bomu la nyuklia. Nikikumbuka bado nacheka, maana wakati huo nilikuwa mwalimu tu wa darasa la nne katika shule ya msingi moja huku Ilemela, na mahakamani sikuwa nimewahi kuingia hata kama shahidi.

Mambo yalianzia kwa jirani yetu. Alikuwa hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu mfupi, nadhifu, suruali yake imepigwa pasi mpaka ule mstari unakaribia kukata. Kustaafu kulimtesa kuliko ugonjwa. Hakuwa na kesi. Basi akawa anasuluhisha hata ugomvi ambao hakuna aliyemwita: kuku wa nani kamwaga unga wa nani, nani kaziba mfereji kati ya mawe ili maji ya mvua yasipite kwake. Mke wake alikuwa akimwambia, "Baba, wale wameshapatana tangu asubuhi, waache." Naye hujibu, "Wamepatana bila kufuata utaratibu."

Jioni moja alikuja kwetu, akatukuta mimi na mama uani tunachambua dagaa. Redio yake ndogo ilikuwa kwapani, bado inazungumza.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Mmesikia?"

"Tumesikia nini?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Dunia imekwenda mahakamani!"

Akavuta kigoda akakaa. Akatueleza kwamba mataifa yamepeleka swali katika mahakama ya dunia, kule Uholanzi: je, sheria inaruhusu taifa kutumia bomu la nyuklia, au hata kutishia kulitumia? Nchi ndogo na kubwa zimeandika hoja zao, na majaji watakaa wazisikilize. "Hebu fikirieni," alisema. "Hakuna polisi duniani anayeweza kulifunga pingu taifa kubwa. Lakini limeulizwa, na linajieleza. Linajieleza!" Macho yalimng'aa kama mtu aliyepata mjukuu.

"Na hayo makubwa yakishindwa," mama akasema, "nani atayapeleka Butimba?" Butimba ndilo gereza letu.

"Mama, nimehukumu miaka mingi," hakimu alisema. " Watu wengi niliowaamuru walipe fidia walilipa bila kupelekwa na askari. Walilipa kwa sababu wote kijijini walikuwa wamesikia hukumu. Kwa hiyo kwanza watu wasikie."

Hapo ndipo alipotoa shauri lake. Alitaka kesi hiyo isikilizwe Mwanza, hadharani, na wananchi wenyewe. Watu wa kwaya ya mtaani wangeigiza. Hakimu angekuwa yeye, bila shaka. Na hukumu ingetolewa kama yanavyoamuliwa mashindano ya ngoma za Kisukuma baada ya mavuno. Asiyejua namna yake, ni hivi: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, huku na huku, na watazamaji wanakwenda kule kunakowavuta. Kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Hakuna kura wala karatasi. Miguu ndiyo inayosema.

Tulikutana uani kwake kugawana kazi. Kila mtu alitaka kuwa upande wa mashtaka. Mwenye sauti nene wa kwaya alisema yeye amebatizwa, hawezi kulisemea bomu. Fundi cherehani alisema wateja watamkimbia. Mashtaka akapewa kijana mmoja muuguzi wa hospitali, mpole, mrefu, ambaye mtaani wote tulimwita daktari ingawa kila siku alikataa. Hakimu akatuangalia mmoja mmoja.

"Mshtakiwa asiye na wakili hahukumiwi kwangu," alisema. "Mwalimu, wewe una sauti. Unasikika mpaka uwanja wa ndege."

Watu walicheka, na mimi nikaona nikikataa nitaonekana mwoga. Nikakubali.

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa pipa. Tulilipata kwa watu wa viwanda vya minofu, vile vilivyokuwa vinaibuka ufukweni miaka ile, na ingawa fundi cherehani alilipaka rangi nyekundu nje na ndani, halikuacha kunuka mafuta ya sangara. Paka wa mtaa mzima walilifuata popote lilipokwenda.

Nilijiandaa kwa bidii iliyonishangaza. Hakimu alinisimulia hoja za mataifa makubwa kama alivyozisikia redioni, nami nikazichukua nikazivalisha nguo za huku kwetu. Kila nikitoka shule nilipanda juu ya mawe nyuma ya nyumba, ziwa lote likiwa chini yangu, nikatetea bomu mbele ya kunguru na mijusi. Nikagundua ni kazi tamu. Darasani husemi ila lililo sahihi. Pale juu nilikuwa natafuta lile linaloweza kuaminika, na nilikuwa nalipata.

Kwanza tulihitaji kibali. Ulikuwa wakati wa mageuzi. Kila wiki kulikuwa na bendera mpya mjini, na mkusanyiko wowote ulihesabika kuwa siasa. Mimi na hakimu tukaenda kituo cha polisi. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mnene mwenye adabu.

"Ninyi ni chama gani?"

"Sisi si chama," hakimu alisema. "Ni mahakama."

"Mahakama ya nani?"

"Ya wananchi. Tunasikiliza shauri dhidi ya bomu la nyuklia."

Afisa akaweka kalamu chini. "Bomu hilo lipo wapi sasa?"

"Lipo uani kwangu," hakimu akajibu kwa unyofu wake wote.

Ilibidi niingilie haraka kueleza habari ya pipa. Afisa alicheka mpaka akajifuta macho, lakini bado akawa na shaka. "Mwalimu, niambie kweli. Hilo bomu si mgombea? Maana watu siku hizi wanasema kwa mafumbo." Nikamwapia kwamba bomu ni bomu. Akatupa kibali, na siku ya kwanza alikuja mwenyewe amevaa kiraia, akakaa juu ya jiwe kubwa na soda mkononi.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili mchana, kwenye kiwanja cha huku kwetu kati ya mawe. Watu walijaa, nusu yao wakidhani ni kampeni. Upande wa kulia alisimama muuguzi, upande wa kushoto mimi, katikati pipa na paka wawili. Hakimu alikaa nyuma ya meza ya chakula ya mke wake, na wazee wa baraza wawili kando yake, kama mahakama ya mwanzo inavyotakiwa.

"Mshtakiwa, unakiri au unakana?"

"Anakana, mheshimiwa," nilisema, na uwanja ukacheka.

Muuguzi alianza. Alisema mambo ya kweli na ya kutisha: miji miwili ya Japani, watu walioungua, maradhi yaliyowafuata waliobaki. Lakini aliyasema kwa sauti ya wodini, ile ya kutomwamsha mgonjwa, na yalikuwa mambo ya mbali, ya zamani. Watu walisikitika kwa adabu.

Kisha nikasimama mimi.

"Ndugu zangu," nilisema, "nani hapa hana mkuki au panga nyuma ya mlango? Umekamatwa kwa kuwa nalo? Mbona mwizi anaruka boma lako anakwenda kwa jirani? Si kwa sababu umempiga. Ni kwa sababu anajua unaweza. Mteja wangu huyu, tangu ile vita kubwa, hajalala nje hata siku moja. Amekaa nyuma ya mlango. Na wakubwa wenye kuwa naye wameogopana, hawajapigana wao kwa wao. Mnataka kumfunga mlinzi kwa sababu ana meno? Na siku ambayo taifa linataka kufutwa kabisa, watoto na makaburi ya babu zao, mtaliambia nini? Life kwa kufuata utaratibu?"

Hilo la utaratibu lilikuwa la kumchokoza hakimu, na watu walilifurahia sana. Nikaona kwa macho yangu uwanja ukihama. Kwanza vijana, halafu wanaume wa makamo, halafu akina mama waliobeba watoto mgongoni wakawafuata wengine ili waone vizuri. Hata afisa alishuka kwenye jiwe lake akaja kwangu na soda yake. Upande wa muuguzi walibaki kwaya, mke wa hakimu, na mama yangu.

Hakimu alitazama huku na huku. Hakuwa na la kufanya. "Mshtakiwa," alisema kwa uchungu, "upo huru." Watu wakashangilia, pipa likapigwa kama ngoma, na nikabebwa juu juu.

Nyumbani mama hakunisemesha mpaka ugali ulipoiva.

"Nimekuzaa ukatetee moto?"

"Mama, ni mchezo."

"Mchezo! Mimi nimesimama peke yangu kama mchawi, na binti yangu mwenyewe yuko upande ule anabebwa." Kisha akashindwa kujizuia, akacheka. "Lakini ulisema. Yaani ulisema! Hata mimi mguu mmoja uliinuka."

Kesho yake shuleni watoto waliniamkia, "Shikamoo, wakili wa bomu." Sokoni wauza samaki waliniongezea. Mimi nilikuwa na furaha, sikatai. Lakini uani kwa hakimu kulikuwa kama kwenye msiba. Fundi cherehani alisema tumekwenda kuwafundisha watu kinyume cha tulichotaka, na tumealikwa Usagara wiki ya mashindano ya ngoma, na huko watu watakuwa wengi zaidi. Afadhali mwalimu alegeze. Aseme kidogo, akohoe, asahau maneno.

"Silegezi," nilisema. "Mtafuteni mwingine."

Wakamgeukia hakimu, wakidhani ataniamuru. Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kesi ambayo wakili mmoja amefungwa mdomo si kesi," alisema. "Huko Uholanzi mataifa makubwa hayataleta mawakili wanaokohoa. Kama sheria haiwezi kumjibu mwalimu wa darasa la nne, itawajibu hao? Mwalimu aseme yote. Anayetakiwa kubadilika ni mwendesha mashtaka."

Wote tukamwangalia muuguzi. Alikuwa anakula muhogo. Akasema tu, "Nitajaribu."

Siku zilizofuata nilimwona mara kadhaa akipita na baiskeli, akisimama kwa watu: kwa wavuvi wanaoshusha samaki mwaloni, kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi upande wa Buzuruga, kwa akina mama wanaopalilia. Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema, "Nauliza jinsi watu wanavyogombana." Nikamwambia kwa hilo angeanza kwetu. Alicheka, na nikagundua kwamba akicheka hana ile sauti ya wodini.

Usagara ni njia panda, na wiki ile ilikuwa imejaa. Pamba ilikuwa imeuzwa, tena miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, kwa hiyo kulikuwa na kanga mpya, redio mpya na kelele mpya. Ngoma zilicheza asubuhi nzima. Vumbi lilisimama angani. Sisi tulipewa nafasi mchana, wakati wachezaji wanapumzika. Tulikuwa na bahati, maana watu walikuwa bado wamepasha miguu, tayari kuhama.

Nilisema yote niliyosema Ilemela, na nikaongeza. Kabla sijamaliza, wengi walikuwa upande wangu. Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia alikuwa ananiitikia kila sentensi, "Ni kweli! Ni kweli kabisa!" Mama yangu, kule upande wa pili, alitazama chini.

Muuguzi akainuka. Hakuhutubia. Alikuja katikati, akaegemea pipa, akaniuliza maswali.

"Wakili, umesema bomu ni mkuki ulio nyuma ya mlango."

"Nimesema."

"Nikigombana na wewe nikakurushia mkuki, utampata nani?"

"Mimi, ukiwa na shabaha." Watu wakacheka.

"Na jirani yako ambaye hana ugomvi nami?"

"Hautampata."

"Ng'ombe wake?"

"Hapana."

"Mkuki wangu ukianguka kisimani, maji yatakuwa sumu?"

"Hayatakuwa sumu."

"Mke wa jirani akiwa mjamzito, mimba yake itaharibika kwa sababu mimi na wewe tumegombana?"

"Haitaharibika."

"Basi tuwaulize hawa." Akawageukia watu. "Wazee, huku kwetu, watu wawili wakigombana, mmoja akachoma malisho ya kijiji kizima ili amkomoe mwenzake, tunasemaje? Tunasema alikuwa anajihami?"

Kelele za kukataa zikapanda. Yule mzee mwenye fimbo alisema kwa nguvu, "Huyo tunamtenga! Hapewi moto, hazikwi!"

"Hata kama mwenzake ndiye aliyeanza?"

"Hata kama!"

"Hiyo sheria imeandikwa wapi, baba?"

"Ya nini kuandikwa? Kila mtu anaijua."

Muuguzi akanigeukia tena, na sasa alizungumza taratibu, lakini uwanja ulikuwa umetulia kiasi kwamba alisikika. "Wakili, nijibu kwa kiapo chako. Mteja wako, akitoka nyuma ya mlango, anajua kumchagua adui na kumwacha jirani?"

Nilitafuta jibu. Kule juu ya mawe nilikuwa nimepata majibu ya kila kitu. Nilitazama pipa, nikatazama watu walionizunguka, mwanamke mmoja amemfunika mtoto wake kichwa kwa kanga mpya kumkinga na vumbi. Ningeweza kusema lolote, walikuwa wananipenda. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali zuri, na mwalimu akiulizwa swali zuri hulitambua.

"Hajui," nilisema. "Hawezi kuchagua."

Mzee wa fimbo alinitazama kwa huzuni, kana kwamba nimemwangusha yeye. Kisha akakohoa, akachukua fimbo yake, akavuka. Wakamfuata. Kishindo cha miguu ile nakikumbuka mpaka leo, kama ng'ombe wanavyoteremka kunywa maji. Vumbi lilipotulia nilikuwa nimebaki na bibi mmoja tu, amekaa chini ya ukingo wa turubai, miguu ameinyoosha.

Nikainama. "Shikamoo, bibi. Wewe bado unaniunga mkono?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikukuunga tangu mwanzo. Hapa kuna kivuli."

Nikakaa karibu naye tukacheka pamoja huku hakimu akisoma hukumu kwa sauti ya kutetemeka kwa furaha. Mama alivuka uwanja mbio, akanikumbatia mbele ya watu wote kana kwamba nimetoka jela. Muuguzi alikuja kunipa mkono. "Wabeja, wakili," alisema, yaani asante. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nilifurahi kugundua kwamba na yeye alikuwa ameogopa.

Majaji wa Uholanzi walitoa maoni yao mwaka uliofuata, siku moja baada ya Sabasaba. Mwanza haikuwa na hamu ya ngoma mwaka ule. Mwezi wa tano meli ilikuwa imezama karibu kabisa na nyumbani, na hakukuwa na mtaa usio na msiba. Muuguzi alikuwa amefanya kazi siku nyingi bila kulala kitandani kwake, na mimi nilikuwa nikipeleka uji hospitalini na akina mama wengine. Tulizoeana katika kazi hiyo, bila maneno mengi.

Hakimu alituita kwake kusikiliza redio. Aliamini tutashangilia. Mtangazaji akasema majaji wameona kwamba, kwa ujumla, kutumia silaha hizo au kutishia kuzitumia kunapingana na sheria za vita. Hakimu akaruka. Halafu mtangazaji akaendelea: lakini katika hali ya mwisho kabisa, taifa linapojihami ili lisifutike, mahakama haikuweza kusema moja kwa moja kama ni halali au si halali. Tena majaji waligawanyika nusu kwa nusu, mpaka kura ya rais wa mahakama ikaamua.

Wote, hata mama, wakanigeukia mimi.

"Msinitazame," nilisema. "Mimi sijawahi kufika Uholanzi."

Tukacheka kicheko cha kwanza kikubwa tangu msiba ule. Hakimu peke yake ndiye aliyekasirika. "Hawakuweza kusema! Hakimu anayesema hawezi kusema, analipwa ya nini?" Muuguzi akamtuliza, akamwomba asikilize mpaka mwisho, maana kulikuwa na jambo moja ambalo majaji wote walikubaliana bila hata mmoja kupinga: kwamba mataifa yana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema, na kuyafikisha mwisho mazungumzo ya kuziondoa silaha hizo. Si kuyaanza tu. Kuyafikisha mwisho. Hakimu alirudia neno hilo mara kwa mara huku akitikisa kichwa, na taratibu uso wake ukafunguka. Alisema kazi bado ipo, na mstaafu akisikia hivyo anapona.

Mavuno ya mwaka mwingine tulirudi uwanjani. Wakati huo mimi na muuguzi tulikuwa tumeshaoana, mahari imelipwa, wajomba wameridhika. Hakimu alitaka tubadilishane kazi: mimi nishtaki, mume wangu atetee. Tulikuwa kijiji kimoja mbele ya Usagara, watu tele. Mume wangu alisimama amevaa koti la hakimu, fupi mikononi, akanyanyua kidole.

"Mheshimiwa," alisema, "mteja wangu ni mtu wa amani."

Akaligeukia pipa ili kulionyesha. Paka alikuwa ndani, ametoa kichwa nje. Mume wangu akajaribu kuendelea, midomo ikamtetemeka, akaangua kicheko mpaka akashika magoti. Hakimu aligonga meza akidai utaratibu. Watu wakavuka wote kuja kwangu, wanacheka na watoto wao mgongoni, na mimi nilikuwa hata sijafungua mdomo.